Kusoma Vitabu vya Kutuliza Moyo Mpaka Vikufae: Mwongozo Kamili

Mwaka ule nilipogombana na kaka yangu kwa ajili ya shamba la minazi tuliloachiwa na marehemu baba upande wa Pangani, nilisoma vitabu saba vya kujiendeleza ndani ya miezi minne. Vitatu nilivinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara Ngamiani, hapa mjini Tanga, viwili niliazima, na viwili nilitumiwa kwenye simu na mfanyakazi mwenzangu aliyeniona sina raha. Vyote vilizungumzia hasira, msamaha, wasiwasi na utulivu wa nafsi, na vyote vilinipendeza nilipokuwa nikivisoma. Hata hivyo, nilipokwisha kukifunga cha saba, jina la kaka likitokea kwenye simu kifua kilinibana vilevile kama siku ya kwanza, nami niliiacha simu iite mpaka ikanyamaza.

Nilichelewa kutambua kwamba kosa halikuwa la vitabu peke yake. Nilikuwa nikivisoma kama mtu anavyokunywa chai ya tangawizi usiku wa mvua: inampa joto kwa saa moja, kisha anakwenda kulala. Vitabu vya aina hii havikuandikwa kwa matumizi hayo. Viko karibu zaidi na kile kijitabu cha maelezo kinachokuja ndani ya boksi la cherehani kuliko na riwaya, na mtu akikisoma kijitabu hicho kutoka jalada hadi jalada bila kuigusa cherehani yenyewe, hatapinda hata upindo wa kanga. Maelezo yafuatayo ni ya namna ya kusoma huku mkono ukiwa kwenye cherehani.

Tiba ya vitabu si jambo la jana. Jina lake la kitaalamu la Kiingereza, bibliotherapy, lilibuniwa mwaka 1916 na Samuel McChord Crothers, mchungaji na mwandishi wa insha wa Marekani. Uingereza wana mpango ulioanza mwaka 2013 ambao daktari humwelekeza mtu mwenye wasiwasi au sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, aende maktaba ya karibu akaazime kitabu kilichokwisha kuchaguliwa na wataalamu. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba vitabu vyenye mazoezi huwasaidia watu ambao hali yao ni ya kiasi kidogo au cha kati, na kwamba faida huongezeka pale anapokuwapo mtu wa kumfuatilia msomaji, hata kwa mazungumzo mafupi. Maneno mawili katika sentensi hiyo, yaani mazoezi na mtu, ndiyo yatakayorudi tena na tena huko mbele.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba shida yako ni ya kitabu

Kabla ya kutoa fedha mfukoni, jiulize kama shida uliyonayo inatibika kwa kusoma, kwa sababu zipo shida tatu ambazo kitabu huzichelewesha tu.

Ya kwanza ni ugonjwa. Huzuni, au kutopendezwa tena na mambo uliyokuwa ukiyafurahia, ikiendelea karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, ikaandamana na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, chakula kutopita, mwili kuchoka bila kazi na kujiona huna thamani, hiyo ni dalili ya sonona, na mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya. Kutoka huko mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Mkoa wetu pia una hospitali kongwe ya magonjwa ya akili ya Walutheri kule Lutindi, katika milima ya Korogwe. Mtu anayewaza kujidhuru, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, apelekwe hospitali siku hiyohiyo wala asiachwe peke yake njiani. Najua kwamba kwetu pwani mgonjwa wa namna hii husomewa kwanza. Asomewe, lakini dua haijapata kukataza dawa.

Ya pili ni dhuluma. Mwanamke anayepigwa nyumbani hahitaji kitabu cha kumfundisha kuvumilia, na nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimewaona watu wakimpelekea kitabu hicho kama zawadi. Anachohitaji ni ndugu wa kusimama naye na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Ya tatu ni hesabu. Ikiwa usingizi umekutoka kwa sababu ya mkopo wa kausha damu, chukua karatasi uandike unadaiwa nani, kiasi gani na kila juma unalipa nini, kisha mtafute mtu wa kuketi naye juu ya karatasi hiyo. Wasiwasi utakaobaki baada ya hapo ndio wa kuusomea. Hata ugomvi wangu na kaka ulikuwa na sehemu ya namna hii: ulihitaji msimamizi wa mirathi, ukaenda mahakama ya mwanzo, ukaamuliwa. Shamba liligawanywa, lakini yaliyokuwa moyoni hayakugawanyika, na hayo ndiyo yaliyohitaji kitabu.

Hatua ya pili: ipe hisia jina lake

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami nimeona kuwa ndiyo inayoamua kama nyingine zitafaa au zitapotea bure. Ukimwuliza mtu ana nini, atakujibu ana stresi, au ana mawazo. Majina hayo mawili ni kama robota la mitumba ambalo halijafunguliwa: ndani yake mna makoti, mna mashati, mna na nguo za watoto, na huwezi kujua utavaa nini mpaka ukate kamba.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa majina ya hisia, na ni hasara kwamba tunayasoma katika mashairi kisha tunayaacha hukohuko. Chukua hasira peke yake. Hamaki ni ile inayolipuka ghafla na kuisha kabla chai haijapoa. Ghadhabu ni hasira nzito, ya mtu aliyeona jambo kubwa limevunjwa. Kinyongo ni hasira iliyotandikiwa kitanda moyoni na kuachwa ilale, nayo huamka kila inaposikia jina fulani. Uchungu una hasira ndani yake, lakini una na maumivu ya kutendwa na mtu uliyemtegemea. Hisia hizi nne hazina dawa moja. Mwenye hamaki anahitaji namna ya kuchelewesha ulimi kwa nusu dakika, ilhali mwenye kinyongo angeweza kuchelewesha ulimi kwa miaka kumi na asipate nafuu yoyote.

Tofautisha pia hofu, ambayo ina kitu mbele yake unachoweza kukionyesha kwa kidole, na wasiwasi, ambao huzunguka bila kuwa na pa kutua, na fadhaa, ambayo ni akili kuvurugika kwa wakati huo hata usijue ushike lipi. Huzuni nayo ina ndugu zake: majonzi na simanzi ya msiba, kihoro cha kupotelewa na kitu ulichokipenda, na ukiwa, ambao mtu anaweza kuuhisi ndani ya nyumba iliyojaa watu. Tofautisha hisia ya haya, ambayo ni adabu ya moyo na hatutaki kuiponya, na fedheha, ambayo ni kuvunjiwa heshima mbele ya macho ya wengine. Tofautisha wivu wa mtu anayeogopa kunyang'anywa kilicho chake na husuda ya mtu ambaye chake kipo, ila chakula hakipiti akiona jirani amepata.

Kwa siku saba tembea na daftari dogo la shule. Kila hisia kali inapokujia, andika mambo manne: saa, kilichotokea kwa sentensi moja, mwili ulifanya nini, kisha jina. Mwili uandikwe kabla ya jina kwa sababu mara nyingi wenyewe hutangulia kujua. Lugha yetu imekwisha kuliona hilo, na ndiyo maana tuna watu wenye tumbo joto, roho juu, moyo mzito, na wale ambao damu huwachemka. Jina likikushinda, andika mawili na uweke alama ya kuuliza. Siku ya tatu au ya nne litajitenga lenyewe.

Zoezi hili lina faida hata kabla ya kitabu kununuliwa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakiipima mishughuliko ya ubongo, wakakuta kwamba mtu anapochagua neno linalotaja hisia ya uso ule, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo hushughulika na hatari, hupunguza mwako wake. Kutaja jina kuna upoozaji wake.

Daftari langu lilinishangaza. Nilikuwa nimeamini kwamba nina hasira, na vitabu vyangu vitano kati ya saba vilikuwa vya hasira. Baada ya siku saba nilihesabu, nikakuta kinyongo kimeandikwa mara tatu na fedheha mara tisa. Kilichokuwa kikiniunguza hakikuwa minazi. Ni siku ya arobaini, ambapo kaka alisema mbele ya wajomba zetu wote kwamba mimi sijakanyaga lile shamba tangu nimalize shule. Nilikuwa natibu jino lisilouma.

Hatua ya tatu: chagua kitabu kimoja

Ukishapata jina, tafuta kitabu kinachoshughulikia jambo hilo, na kabla ya kununua ukipekue hapohapo mezani. Fungua yaliyomo. Fungua kurasa tatu za katikati. Unatafuta mahali ambapo mwandishi anakuagiza ufanye kitu: andika, hesabu, jaribu hivi kesho, rudi ujibu. Kitabu kisicho na agizo hata moja katika kurasa thelathini ni hotuba, na hotuba unaweza kuisikia bure. Tazama pia mwandishi ni nani na maarifa yake ameyatoa wapi, maana kuna tofauti kati ya mtu aliyewahudumia wenye wasiwasi kwa miaka ishirini na mtu aliyepona wasiwasi wake mwenyewe, ingawa huyu wa pili naye anaweza kuwa na la kusema.

Kiogope kitabu kinachoahidi amani ya moyo kwa siku saba, na kiogope zaidi kile ambacho dawa yake ni kujisifu mbele ya kioo. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaojidharau, wakiambiwa wajirudierudie kuwa wao ni watu wa kupendeka, hujisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wanaojidharau ambao hawakuambiwa hivyo. Sababu si ngumu kuiona: kila wakitamka sifa ile, moyo huwajibu kwa kuwakumbusha yaliyo kinyume chake.

Lugha ni jambo la kuamuliwa kwa unyoofu. Vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza, na anayesoma huku kamusi iko mkononi huishia kujifunza Kiingereza, jambo ambalo si baya, lakini silo alilolinunulia kitabu. Ukipata cha Kiswahili chenye mazoezi, hata kikiwa chembamba, kishike. Pitia kwanza maktaba ya mkoa hapa mjini Tanga kabla ya kununua, maana kitabu cha kuazima kina tarehe ya kurudishwa, na tarehe humsukuma mtu. Nakala za kutumiana kwenye simu mimi nimeziacha. Kwanza zinamnyima mwandishi jasho lake, pili simu yenyewe ndiyo inayotuvuruga nyoyo.

Mawaidha ya Kiswahili cha zamani nayo yana nafasi yake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapo jirani na Machui kusini ya mji wetu, aliwatungia wanawe tenzi za namna hiyo. Tungo hizi hazina mazoezi, kwa hiyo hazichukui nafasi ya kitabu cha kazi, lakini zina kitu ambacho vitabu vipya havina: zinakaa kichwani. Ubeti mmoja uliouhifadhi utakufikia ndani ya daladala, mahali ambapo kitabu hakifunguki.

Wengi wetu hapa tunauona utulivu wa nafsi kuwa ni tunda la ibada, na mimi ni mmoja wao. Sioni ugomvi kati ya swala na daftari. Ninachokataa ni ile tafsiri ya subira inayoifanya iwe jina la heshima la kunyamaza, kwa sababu kwa miezi minne niliita kinyongo changu subira, na hakuna aliyenikosoa.

Hatua ya nne: soma kidogo, na usome mara mbili

Tenga dakika ishirini, saa ileile kila siku. Mimi husoma baada ya swala ya Alfajiri, kabla baiskeli na bodaboda hazijaanza kelele zake. Usiku sikushauri, kwa kuwa sura inayochokonoa mambo ya zamani hufukuza usingizi, na kukosa usingizi huongeza hasira kesho yake, ukawa umerudi nyuma hatua mbili kwa sababu ya kitabu. Watu wengine hupenda kwenda kusomea Raskazone wakiitazama bahari. Ni pazuri, ila ukipenda mandhari mno utakumbuka bahari na kusahau kurasa.

Simu ibaki chumba kingine. Soma kurasa tano mpaka nane bila kalamu, kwa mwendo wa kawaida. Kisha zirudie ukiwa na kalamu, ukipigia mstari maagizo tu na kuyaacha maneno matamu. Halafu funga kitabu, useme kwa sauti kile ulichokisoma kana kwamba unamweleza shangazi yako ambaye hakwenda shule: "Shangazi, kitabu kinasema mtu akifanyiwa hivi, huwaza hivi, na kabla hajajibu afanye hivi." Ukikwama, hukuelewa, fungua tena. Zoezi hili la shangazi limenifaa kuliko kupiga mistari, kwa kuwa maneno ya kitaalamu hayapiti kwake, na ukilazimika kuyatafutia Kiswahili cha jikoni ndipo unapogundua kama yalikuwa na kitu ndani.

Mwisho andika tendo moja la siku hiyo, dogo, lenye mahali na wakati. Usivuke kwenda sura nyingine mpaka tendo la sura uliyopo umelifanya mara tatu. Kwa mwendo huu kitabu cha kurasa 200 kitachukua miezi mitatu hivi, na hapo ndipo watu wengi hunikatalia. Mimi huwajibu kwamba vile saba vya kwanza nilivimaliza upesi sana.

Hatua ya tano: mazoezi yenyewe

Vitabu vinatofautiana kwa majina na hadithi, lakini mazoezi yaliyomo yana ukoo mmoja. Nitayaeleza yale utakayoyakuta karibu kila mahali, ili ukiyaona uyatambue.

La pumzi ni rahisi. Vuta hewa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, uendelee kwa dakika tano. Hizo ni pumzi sita hivi kwa dakika. Mtu anapotoa hewa, neva iitwayo vagasi huupunguzia moyo kasi, na ndiyo sababu ya kuifanya pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Sharti lake ni kulizoea ukiwa umetulia. Wavuvi wa Sahare huzishona nyavu zao wakiwa nchi kavu, hawangoji zichanike zaidi baharini.

La kupima wazo ndilo lenye faida kubwa kwangu. Linatokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka yanayopita kichwani bila kuhojiwa, nao huyaamini kama yalivyo. Zoezi ni kulikamata wazo na kulipeleka mbele ya ushahidi. Nitatoa mfano wangu kama ulivyo daftarini.

Tukio: Idi imepita, kaka hajanipigia. Wazo: amenitoa katika ukoo. Hisia: fedheha, 80 kwa 100. Ushahidi unaoliunga mkono wazo hilo: hakupiga, na Idi iliyotangulia pia hakupiga. Ushahidi unaolipinga: alimtuma mwanawe aniletee nazi kumi, dada yetu mkubwa naye hakupigiwa, na mimi nimeacha simu zake nne ziite bila kupokea. Nilipoiandika hiyo ya mwisho nilikaa kimya kwa muda. Wazo jipya: kaka hajui aanzie wapi, na mlango wa simu nimeufunga mimi. Fedheha: 45.

Zingatia kwamba haikushuka hadi sifuri. Anayetarajia sifuri atalitupa zoezi hili siku ya kwanza. Zingatia pia kwamba wazo jipya si wazo tamu. Sikuandika kwamba kaka ananipenda sana, kwa sababu ushahidi wake sikuwa nao. Wazo jipya linatakiwa liwe la kweli zaidi, na mara nyingi hutokea kuwa jepesi zaidi kwa sababu hiyohiyo.

La tatu ni mpango wa ikiwa na basi, uliofanyiwa utafiti na Mjerumani Peter Gollwitzer, ambaye mwaka 1999 alieleza kwamba mtu aliyeamua mapema atafanya nini pale jambo fulani litakapotokea hutimiza nia yake zaidi kuliko aliyenuia kwa ujumla. Kusema "nitakuwa mvumilivu" ni kunuia kwa ujumla. Mpango wangu ulisomeka hivi: simu ya kaka ikilia, nitavuta pumzi tatu, nitapokea, na neno la kwanza litakuwa "Shikamoo, kaka." Salamu ilikuwa msaada mkubwa, kwa maana yeye hana budi kuitikia marahaba, na watu wawili waliokwisha kusalimiana kwa heshima huona vigumu kidogo kuanza kwa matusi.

La kuandika lilianza na James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986. Waliwaagiza wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo zito lililowapata, bila kujali mwandiko wala sarufi. Waliofanya hivyo walihuzunika zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Ukilifanya, utegemee uzito wa siku hizo nne, na usilifanye ukiwa ndani ya msiba mbichi.

Na kuna zoezi moja la kuachwa. Wapo wanaokushauri umwage hasira kwa kupiga mto au kupiga kelele. Brad Bushman alilipima jambo hili mwaka 2002, akakuta kwamba waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kuwa na hasira, na waliokaa kimya bila kufanya lolote walikuwa na nafuu kuliko wao.

Hatua ya sita: usisome peke yako

Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare kukaa na watu wenye dhiki ya moyo na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine, na baadaye wakawekewa mabenchi nje ya zahanati. Neno wanalolitumia la Kishona, kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa upande wa vitabu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kijitabu cha picha kuhusu kumudu msongo, kinachopatikana bure kwenye intaneti. Mafunzo yaliyokizaa yalijaribiwa kaskazini mwa Uganda kwa wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, waliokutana kwa makundi, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa na kufuata picha, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hakuachwa nje. Walioshiriki walipungukiwa na dhiki.

Sisi tuko wanne, na tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri kwenye baraza la nyumba moja Chumbageni, kahawa chungu na kashata zikiwapo. Masharti yetu ni machache: la barazani haliondoki barazani, hakuna kutoa ushauri usioombwa, na kila mtu aseme alilolitenda, si alilolisoma. Mkubwa wetu ni mama mmoja mtu mzima ambaye ndiye mlinzi wa sharti la tatu.

"Mwanangu," aliniuliza Jumamosi moja, "umesema umefika sura ya sita. Ya nne umeifanyia nini?"

"Bado, mama. Nimeielewa tu."

"Basi rudi ya nne. Kahawa hii kunywa, lakini ya sita hatutaki kuisikia."

Ukikosa kundi, mtu mmoja anatosha. Asiwe yule unayegombana naye, wala mtu anayekutegemea kwa mshahara, kwa sababu huyo atakwambia umebadilika hata kabla hujaanza. Makundi ya simu siyapendekezi kwa jambo hili; maneno yaliyoandikwa hunakiliwa na kusambaa, na mji wetu si mkubwa kiasi hicho.

Hatua ya saba: pima

Kila baada ya majuma manne fungua daftari uhesabu mambo matatu: hisia ile imekuja mara ngapi, kila ilipokuja ilikaa muda gani, na ni jambo gani ulilishindwa kwa sababu yake. Wengi hutazama lile la kwanza, wakivunjika moyo kwamba bado wanakasirika. La pili ndilo linalobadilika mapema. Mwanzoni fedheha yangu ilikaa tangu asubuhi hadi usiku. Mwezi wa tatu ilikuwa inaondoka kabla ya adhuhuri, ingawa idadi ya siku ilikuwa ileile.

Yakipita majuma sita umeyafanya mazoezi kwa dhati na hakuna kilichosogea, usinunue kitabu cha pili cha aina hiyo. Rudi hatua ya pili uone kama jina ulilolitoa ni sahihi. Likiwa sahihi, nenda kamwone mtaalamu, na umpelekee daftari, kwa maana litamwokolea muda wa vikao viwili.

Daftari lenyewe litunzwe penye kufuli, kwani ndani yake mna siri zako na za watu ambao hawakukupa ruhusa ya kuwaandika. Likijaa, lichome. Langu la kwanza nililichomea nyuma ya jiko, isipokuwa ukurasa mmoja nilioutoa kwanza, ule wa nazi kumi na simu nne. Nimeuweka kwa sababu kaka bado hupiga, na si kila mara ninapokea kwa mlio wa kwanza.